Tahadhari kwa Gilgil: Gemu Zinazoahidi Mshahara

Shule zimefungwa. Watahiniwa wa kidato cha nne wamerudi nyumbani, na wengi wao wamenunuliwa simu ya kwanza kama pongezi ya kumaliza. Upanuzi wa barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit, uliozinduliwa Novemba 2025, unaleta vibarua wa kulipwa kwa wiki. Gilgil, kwa hiyo, inaingia kipindi cha vijana wengi wasio na shughuli, huku pesa ndogo ndogo zikiingia M-Pesa kila mwisho wa juma. Wauzaji wa gemu za cheza-ulipwe hawahitaji zaidi ya hapo.

Onyo lenyewe nalitoa mwanzoni, ili asiyefika mwisho wa makala aondoke nalo. Gemu yoyote inayotaka utoe pesa kwanza ndipo ikulipe, au inayokulipa kwa kuleta wenzako, usiiingie. Usiweke hata shilingi ishirini za kuonja. Usimpe mtu kitambulisho chako akusajilie laini au akaunti. Usimwachie mtoto simu yenye M-Pesa ikiwa PIN anaijua. Na kama tayari umo ndani, ruka mpaka aya za mwisho kabla hujajaribu kurudisha ulichopoteza, maana kujaribu kurudisha ndiko kunakomaliza watu.

Nasema haya nikijua kwamba ulaghai huu umejengwa juu ya jambo la kweli, na ndiyo sababu unanasa hata wenye akili zao. Gemu za video ni biashara kubwa mno. Mapato yake duniani yanapita dola bilioni 180 kwa mwaka. Jumlisha tiketi zote za sinema na muziki wote unaouzwa, bado hujafika nusu. Kenya nayo imo, japo kwa kiasi kidogo. Mwaka 2007 Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, moja ya gemu za kwanza za pande tatu kutengenezwa katika eneo letu, na miaka miwili baadaye akaungana na Mghana Eyram Tawia wakaanzisha Leti Arts. Sylvia Gathoni, ambaye wachezaji wa Tekken wanamjua kwa jina la QueenArrow, alisajiliwa na timu ya nje mwaka 2018 akiwa bado anasomea sheria. Januari 2022 kampuni ya Carry1st ya Cape Town ilipata dola milioni 20 kutoka kwa wawekezaji ili isambaze gemu barani Afrika. Kijana anayemwambia mamake kwamba gemu zitaajiri watu kesho hadanganyi.

Sasa watazame hao waliofaidika. Kirinya aliketi akaandika programu. Gathoni alifanya mazoezi, akashiriki mashindano, akajenga jina, na vitabu vya sheria hakuvitupa. Pesa waliyoipata ilitoka kwa mtu wa nje aliyetaka kitu chao: mnunuzi wa gemu, mdhamini wa timu, mwenye tangazo. Hapo ndipo pa kupimia kila ahadi itakayoletwa hapa mjini. Pesa atakayolipwa mchezaji inatoka mfuko gani? Ikiwa inatoka kwa mtu aliyeburudika akalipia burudani yake, hiyo ni biashara. Ikiwa inatoka kwa wachezaji walioshindwa, ni kamari. Ikiwa inatoka kwa wachezaji watakaojiunga kesho, huo ni upatu, hata ukipakwa rangi za katuni.

Tuanze na ile ndege nyekundu ya gemu ya Aviator, kwa kuwa tayari imeshatua kwenye simu nyingi za steji ya boda boda.

Aviator ilitengenezwa na Spribe, kampuni ya nchi ya Georgia iliyoanzishwa 2018, na tangu 2019 imesambaa dunia nzima. Nchini Kenya utaikuta ndani ya programu za kampuni nyingi za kubeti. Ndege inapaa kwenye skrini nyeusi, na namba inapanda nayo: 1.20, 1.75, 3.40. Ukibonyeza kutoa pesa kabla ndege haijatoweka, dau lako linazidishwa kwa namba hiyo. Ukichelewa, dau limekwenda. Raundi huisha kwa sekunde chache na nyingine inaanza papo hapo. Pembeni kuna orodha ya wengine wakishinda, na kuna mahali pa kupiga soga. Kila kitu kinafanana na gemu.

Kinachoniogopesha zaidi ni kile kitufe. Aliyebeti kwenye mechi ya Gor Mahia anajua kwamba uwanjani hakuwepo. Timu ikifungwa, anamlaumu golikipa. Mchezaji wa Aviator analaumu kidole chake mwenyewe. Anaamini alikuwa nusu sekunde tu kutoka kwenye ushindi, na mtu anayeamini hivyo hurudi kuboresha ujuzi ambao haupo.

Watengenezaji wenyewe hutangaza kwamba mchezo unarudisha asilimia 97 ya madau kwa wachezaji. Inasikika kama ukarimu, basi tupige hesabu. Tuseme dau ni shilingi 20 na raundi ni mbili kwa dakika. Kwa saa moja umeweka madau ya jumla ya shilingi 2,400, na kwa wastani shilingi 72 zimebaki kwa wenye mchezo. Shilingi 72 hazimvunji mtu. Lakini nani anayebaki kwenye 20? Kwa asilimia hiyo 97, uwezekano wa ndege kufika mara mbili ni kama 48.5 kwa mia, yaani chini ya nusu. Kufika mara kumi ni kama 9.7 kwa mia. Vijana wengi hufundishana mbinu moja: ukipoteza, ongeza dau mara mbili, siku moja lazima urudishe yote. Basi anza na 20, kisha 40, 80, 160, 320, 640, 1,280. Kufikia raundi ya saba ya kupoteza umetoa shilingi 2,540 kufukuza faida ya shilingi 20. Na kupoteza mara saba mfululizo hakuji kwa nuksi ya mtu: kwa uwezekano huo, hutokea kwa wastani kila raundi mia mbili na kidogo, ambazo ni chini ya saa mbili za kuketi kivulini ukingoja abiria.

Juu ya hasara hiyo kumeota biashara nyingine ya watabiri. Wapo Telegram na Facebook, wana picha za magari na mabunda ya noti, na wanauza programu inayodai kuona ndege itatoweka wapi. Huwezi kuona kisichoonekana: matokeo ya kila raundi huchanganywa kwa namba za siri za seva na za wachezaji wa raundi ile ile, na huamuliwa ndege ikiwa bado haijapaa. Anayekuuzia utabiri kwa namba ya Till anakuuzia hewa. Tena nyingi kati ya programu hizi hazipitii Play Store. Unatumiwa faili, unaambiwa ulegeze ulinzi wa simu, halafu inaomba ruhusa ya kusoma SMS zako. Fikiria ni nini kilichomo kwenye SMS zako: salio la M-Pesa, namba za siri za mara moja za benki, ujumbe wa mkopo wa Fuliza. Kijana alidhani amenunua funguo za benki ya mwingine, kumbe amekabidhi za kwake.

Wimbi la pili linakuja bila dau, na ndilo linalowapata wacha Mungu wasiobeti. Mwaka 2024 mamilioni ya watu duniani, wakiwemo vijana wengi wa Kenya, walikuwa wakigonga picha ya panya kwenye Telegram usiku na mchana. Gemu iliitwa Hamster Kombat. Ilianza Machi mwaka huo, na wenyewe walidai kufikisha wachezaji milioni 300. Ulikuwa ukigonga, unapata sarafu za mchezo. Ukialika rafiki, unapata zaidi. Ukitazama video zao, unaongezewa. Ahadi ilikuwa kwamba siku moja sarafu zile zitageuzwa kuwa za kuuzika. Siku ilifika, tarehe 26 Septemba 2024. Sarafu ikaingia sokoni kwa takriban senti moja ya dola, kisha ikashuka. Kuna waliogonga kwa miezi wakaambulia dola chache, na wengi walielezwa kwamba hawakutimiza masharti. Bando walilochoma halikurudi.

Utasema hawakutoa pesa, basi hawakupoteza. Walitoa usingizi, walitoa bando, na walitoa majina ya marafiki. Wenye gemu walipata hadhira ya mamia ya mamilioni ya kuwauzia watangazaji. Mchezaji alikuwa kibarua wa matangazo aliyelipwa kwa ahadi. Na kilichobaki baada ya hapo ni kile ambacho matapeli wanakithamini kuliko sarafu: watu waliozoeshwa kubonyeza viungo wasivyovijua kwa matumaini ya kulipwa.

Ila mfano ambao ningependa kila chama na kila ushirika hapa Gilgil uujue ni wa Axie Infinity, kwa sababu ndio ulioonyesha jinsi gemu inavyoweza kuingia mtaani kama ajira. Gemu hiyo ni ya kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam, na ilishika kasi Ufilipino wakati wa korona, watu wakiwa wamefungiwa majumbani bila kazi. Ili uanze ulihitaji wanyama watatu wa katuni, na walinunuliwa kwa pesa halisi; katikati ya 2021 kikosi cha watatu kiliweza kugharimu mamia ya dola, hata kupita elfu. Asiyekuwa na kitu alikodishiwa na tajiri, akacheza kutwa, wakagawana mapato. Tena mpango huo wa ukodishaji ulipewa jina la heshima, ufadhili wa masomo. Kwa miezi kadhaa ulilipa kweli. Watu walilipa kodi ya nyumba, wakanunua chakula na dawa. Magazeti ya nje yakaandika kwamba hii ndiyo sura ya kazi ya kesho katika nchi maskini.

Pesa ilitoka mfuko gani? Ilitoka kwa waliokuwa wakiingia wapya kununua wanyama. Hakukuwa na mtazamaji wa nje aliyelipia burudani kwa kiasi cha kulisha kila mtu. Wapya walipopungua, sarafu waliyolipwa wachezaji, iliyokuwa karibu senti 40 za dola Julai 2021, ilianguka hata chini ya senti moja kabla mwaka 2022 haujaisha. Kisha Machi 2022 wezi wa mtandaoni waliingia kwenye mfumo uliohifadhi pesa za gemu hiyo wakaondoka na mali ya zaidi ya dola milioni 600. Polisi wa upelelezi wa Marekani, FBI, walisema ni kundi la Lazarus la Korea Kaskazini. Wizi ulifanyika tarehe 23, na uligunduliwa tarehe 29, baada ya mtu kujaribu kutoa pesa zake akashindwa. Siku sita nzima hakuna aliyekuwa macho. Hebu fikiria mama wa Kikopey aliyetoa akiba ya chama akakodishia wanawe akaunti, aende kumdai nani? Pyongyang?

Wazee wetu hawahitaji mfano wa Ufilipino. Wanakumbuka upatu wa DECI, ulioanguka 2007, na ndugu zake wote wa enzi ile waliokula mabilioni ya shilingi ya Wakenya. Walioleta mipango hiyo walikuwa watu wa kanisani, majirani, wenye sauti ya upole. Aliyejiunga mapema alilipwa kweli na akawa shahidi, na ushahidi wake ndio uliowamaliza wenzake. Gemu za cheza-ulipwe zina mwendo huo huo, ila shahidi wa leo ana kamera na wafuasi TikTok.

Kwa hiyo tarajia ugeni huu, na ukija uutambue. Utakuja kwa jina la mafunzo ya kidijitali. Kutakuwa na mkutano kwenye ukumbi wa hoteli, soda na fulana za bure, na kijana msafi wa kutoka Nairobi au Nakuru mjini atakayezungumza juu ya mabilioni ya dola niliyoyataja hapo juu, na hatakuwa amesema uongo bado. Uongo utaingia mahali pamoja tu, pale atakaposema kuna ada ya kuanzisha akaunti, au kifaa cha kukodi, au daraja la dhahabu kwa anayeleta watu kumi. Anaweza kuchagua juma la mahafali ya makuruta wa NYS hapa Gilgil, familia zikiwa zimekuja kutoka pande zote za nchi na fahari imejaa vifuani. Mtu mwenye fahari husaini haraka.

Mtu ataniambia, serikali ipo. Ipo, na haijalala kabisa. Mnakumbuka mashine za kamari za kutumbukiza sarafu ya shilingi ishirini, zilizokuwa zimejaa madukani hata vijijini. Mnamo 2018 na 2019 machifu na polisi walizibeba, zikavunjwa na kuchomwa. Aprili 2025 Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari ilisimamisha matangazo ya kubeti kwa siku 30. Agosti mwaka huo rais alitia saini Sheria ya Udhibiti wa Kamari, kuchukua nafasi ya ile ya 1966 iliyotungwa kabla mtu hajaota simu ya mkononi. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza kamari. Yote hayo ni mema. Lakini chifu aliweza kuibeba mashine kwa pikap kwa kuwa ilikuwa na miguu sakafuni. Ya leo iko mfukoni mwa mtoto, laini ni ya nyanya yake, na anayeiendesha huenda hana ofisi wala leseni hapa nchini. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na Nairobi ni kilomita 120.

Nisisahau gemu za kawaida, zile mnazozichukulia kuwa za watoto. Baadhi nazo zimejifunza tabia za kasino: unalipia boksi usilojua lina nini ndani, kama vile pakiti za wachezaji kwenye gemu za kandanda. Ubelgiji iliamua 2018 kwamba maboksi hayo ni kamari. Desemba 2022 Epic Games, wenye Fortnite, walikubali kulipa dola milioni 520 Marekani kwa makosa ya faragha ya watoto na kwa vitufe vilivyopangwa kwa hila hadi watu wakanunua bila kukusudia. Hapa kwetu Play Store inakubali M-Pesa tangu 2018. Mzazi anayesema mwanangu hana kadi ya benki amebaki nyuma ya wakati.

Wenye vibanda vya PS, nina neno nanyi pia, na si la uadui. Wapo watakaosoma onyo hili wakakimbilia kutaka vibanda vifungwe, na naona hilo ni kosa kubwa. Kibanda ni mahali ambapo mtoto anaonekana. Analipa shilingi chache, anacheza mechi yake, anashindwa mbele ya wenzake, wanacheka, anakwenda nyumbani. Pesa imetoka kwa anayeburudika kwenda kwa anayeburudisha. Imepita ule mtihani wetu. Kinachoharibu kibanda ni mambo matatu, na mnayajua: watoto kuwekeana pesa juu ya mechi huku mwenye kibanda akishika dau, mwenye kibanda kumbetia mtoto kwa laini yake akate kamisheni, na kibanda kufunguliwa saa za masomo. Komesheni hayo wenyewe, kwa makubaliano yenu, kabla chifu hajalazimishwa na wazazi wenye hasira kuyakomesha yote pamoja na riziki yenu.

Dada na kaka wa M-Pesa, nyinyi ndio mnaoona mapema kuliko daktari na mchungaji. Kijana anayeweka pesa mara tano kwa mchana mmoja, kila mara kidogo kidogo, uso umekauka, si mteja mzuri hata kama kamisheni inaingia. Neno moja la upole linaweza kutosha. Wazazi nao wajue kwamba taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu, inayopatikana kwenye programu yenyewe au kwa *334#, inaonyesha kila Paybill iliyolipwa. Isomeni pamoja na kijana, mezani, bila makofi. Ukianza kwa makofi, atakachojifunza ni kufuta SMS.

Nimeulizwa mara nyingi na vijana: basi mzee, umetuambia tusiguse hiki na kile, kazi iko wapi? Swali ni la haki, na jibu langu halitapendeza sana. Katika gemu, kazi iko upande wa kutengeneza. Kuna kuandika programu, kuchora, kutengeneza sauti, kutunga hadithi, kujaribu gemu za watu na kuripoti makosa, kutafsiri. Vifaa vya kujifunzia havina malipo: Scratch kwa watoto, Godot kwa anayeanza kutengeneza gemu kamili, Blender kwa michoro ya pande tatu. Unachohitaji ni kompyuta, hata ya mtumba, na uvumilivu wa mwaka mzima ambao ndani yake hakuna atakayekulipa. Hata baada ya hapo usiahidiwe kitu. Mwaka 2023 kampuni za gemu duniani ziliachisha kazi zaidi ya watu elfu kumi, na 2024 zikafanya hivyo tena. Yeyote anayekuhakikishia mshahara kwenye sekta inayowafuta hata mabingwa wake ana sababu nyingine ya kukuita.

Mali ghafi, hata hivyo, tunayo. Nyangi wa Kirinya alikuwa msichana mtafutaji wa vitu vya kale, na sisi tuna Kariandusi hapa karibu, na shoka zake za mawe zilizochimbuliwa na Louis Leakey kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, zenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Tuna Elementaita na wari wake, ziwa lililoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia 2011. Tuna stesheni ya zamani ya reli na ile njia iliyochepuka kwenda Nyahururu. Mwalimu wa shule ya upili anayetafuta mradi wa klabu ya kompyuta ya Januari hana haja ya kwenda mbali. Wanafunzi wanne na kompyuta moja wanaweza kutengeneza gemu ndogo ya shoka la Kariandusi kwa muhula mmoja; itakuwa mbaya, na ya pili itakuwa afadhali. Vyuo vya ufundi vyenye maabara za kompyuta za Jitume vinaweza kufungua milango kwa wasio na kompyuta, na mwakilishi wa wadi anayetafuta jambo la kufanya aanzie hapo badala ya kugawa jezi.

Sasa wewe uliye ndani tayari. Acha leo, si baada ya kurudisha. Pesa iliyokwenda imekwenda. Anayekuambia anaweza kukurudishia kwa ada ndogo ni tapeli wa pili, na mara nyingi ndiye yule wa kwanza kwa jina jingine. Usikope kwa jirani, usiguse pesa ya chama, wala usitegemee Fuliza, maana deni lake hukatwa pesa inapoingia tu na utaanza wiki ukiwa chini ya sifuri. Futa programu. Kama ulipakia faili lisilotoka Play Store, hamisha salio, kisha simu isafishwe yote irudi ilivyotoka dukani. Badilisha PIN ya M-Pesa na nywila za benki kwa simu nyingine iliyo salama. Piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, na usiyoitambua ikane. Ujumbe wa ulaghai utume kwa 333. Ukiwa umetapeliwa, nenda kituo cha polisi na namba ya Till au simu uliyotuma pesa, pamoja na ujumbe wa M-Pesa, na usiondoke bila namba ya OB.

Halafu mwambie mtu mmoja: mke, kaka, mwenyekiti wa steji, yeyote asiyekuhukumu. Deni la siri ndilo linalowapeleka watu pabaya. Ikiwa huna wa kumwambia, au usiku umekuwa mrefu na mawazo yanakwenda mahali pa kutisha, piga 1199, simu ya ushauri ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Haitozwi.